Kompyuta Iliyopewa Pole

Watu wa Masasi wakikutana na Swaumu Mujibu sokoni humwuliza kwanza habari za simu zao, kisha habari za watoto wake. Yeye hujibu yote kwa sauti ileile. Simu iliyoingia maji ifunguliwe, ianikwe, isiwashwe. Shamte hajambo, yuko darasa la sita. Akishajibu huinama kuchagua ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, mmoja mmoja, kama anayetafuta ule wenye hitilafu.

Alizaliwa Lisekese, katika nyumba ya wakulima wa mbaazi na ufuta iliyokuwa na redio moja. Redio ilikuwa ya baba, na mtoto aliyeigusa alichapwa. Swaumu alichapwa kuliko wote. Alipofika umri wa kutafuta kazi alikwenda Mtwara kusomea uhazili, lakini kompyuta za chuo ziligoma mara kwa mara, na dawa ya mwalimu wao ilikuwa kuzipiga makofi ubavuni. Siku moja Swaumu alimwomba mwalimu ampishe, akafungua ule ubavu, akakuta mende wamehamia na familia zao, akawatoa. Toka hapo hakupewa tena barua ya kuchapa. Aliitwa tu pale mashine zilipougua. Alirudi Masasi na cheti cha uhazili ambacho hajawahi kukitumia.

Ameajiriwa kama fundi wa mitambo na shirika dogo linalokuza miche ya mikorosho na kuigawa kwa wakulima. Makao makuu yako Masasi, chini ya majabali, na tawi liko Newala, juu ya uwanda. Seva ya shirika, yaani ile kompyuta kubwa inayotunza mafaili ya ofisi nzima, inakaa katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Julia, mhazili wa ofisi, aliifumia kitambaa cha kuifunika, kwa kuwa anaamini kitu cha thamani hakikai uchi. Kila asubuhi Swaumu hukiondoa ili mashine ipate hewa. Kila jioni Julia hukirudisha. Hawajawahi kulizungumzia jambo hilo.

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa ulipoanza, Swaumu aliona kwamba seva inatoa mafaili. Hayakupotea, yalinakiliwa. Siku fulani, mchana kweupe, taa ya kijani ingeanza kupepesa, na mafaili yangetoka kwenda kwenye mashine asiyoijua, kwa njia ya mtandao wa simu. Kisha kimya, pengine wiki nzima, halafu tena. Yalitoka kwenye folda moja tu, ya mkurugenzi, iliyoandikwa BINAFSI. Na mchukuaji aliingia kwa jina la mkurugenzi na kwa neno lake la siri, wakati mkurugenzi mwenyewe anaonekana kupitia dirishani akinywa chai mbali na kompyuta yoyote.

Swaumu alifanya alichodhani ndicho sahihi. Alikwenda kusema.

Mkurugenzi anaitwa Charles. Ni Mmakua wa familia za misheni, babu yake alikuwa katekista, naye alisoma shule ya Chidya na hulitaja hilo kila inapowezekana. Ni mtu mrefu, nadhifu, anayepanga kalamu zake mezani kuanzia ndefu hadi fupi. Waliomzoea humwita Baba Trevor. Ofisini hakuna aliyemzoea.

“Folda ipi?” aliuliza.

“Ile ya binafsi, Mkurugenzi.”

Charles akaweka kikombe chini. “Umefungua?”

“Sijafungua. Nimeona majina ya mafaili tu.”

“Yanaitwaje?”

“Toleo la mwisho. Toleo la mwisho kabisa. Toleo la mwisho lililorekebishwa. Yako mengi ya namna hiyo.”

Mkurugenzi alisogeza kalamu moja ambayo haikuwa na tatizo. “Hizo ni siri za shirika,” alisema. “Usifungue hata moja.”

“Sawa. Basi nibadilishe paswedi yako.”

“Hapana. Ukibadilisha atajua tumemwona, ataenda zake. Mimi nataka mwizi, sitaki kufuli.” Alifikiri kidogo. “Hiyo paswedi nani anaijua?”

“Wewe, na mimi niliyekuwekea.”

“Mimi siwezi kujiibia.”

Swaumu alikubali kwamba hilo ni kweli. Ni pale tu alipofika kwenye korido ndipo alipojiuliza amebaki nani.

Katika kikao cha wafanyakazi Charles alieleza kwamba shirika linavuja. Alisema suala litapelekwa kwenye bodi mwisho wa mwezi, na kama chanzo hakitakuwa kimejulikana, mwenye funguo za seva atakaa pembeni kupisha uchunguzi. Hakutaja jina. Wafanyakazi wote walimwangalia Swaumu, kisha kwa adabu wakaangalia dari.

Kukaa pembeni, kwa Masasi, hakuna kurudi katikati. Mji si mkubwa kiasi cha mtu kuitwa mwizi mtaa huu akaanza upya mtaa wa pili. Mume wake, Khalfan, ni dereva wa malori ya masafa, na nyumbani huwa kama mgeni anayejua vyombo vilipo. Lakini si hilo lililomkosesha Swaumu usingizi. Kilichomkosesha ni kwamba hakukuwa na seva nyingine Masasi iliyokuwa inamsubiri. Angerudi Lisekese kupalilia mbaazi, na watu wangekuja na simu zao zilizoingia maji, na baada ya kuondoka wangehesabu majina yaliyomo ndani waone kama yametimia.

Alianza kazi. Alipitia mashine zote za shirika, moja moja, na zote zilikuwa mahali pake zikifanya mambo ya kawaida, nyingine zikicheza karata. Alihamia kwa wanaozitumia. Mlinzi hajui kuwasha. Mhasibu anajua kuwasha ila hajui kuzima. Tawi la Newala hakulihesabu, kwa sababu kompyuta ya Newala ilikuwa marehemu.

Hilo lilitokea mwaka uliotangulia, wakati masika yamekata barabara ya kupanda uwanda. Msimamizi wa tawi, Mzee Sadallah, alipiga simu, akasalimia kwa urefu unaostahili, akashusha sauti.

“Mama Shamte, mashine yetu imetutoka.”

Utaratibu ulimtaka Swaumu aende mwenyewe, aione, aifungue, ndipo aifute. Lakini mtu akikupigia simu kutoka Newala, kwa sauti ile, akakwambia kuna kifo, humwulizi amehakikishaje. Unamwachia nafasi apumue, kisha unasema linalosemwa.

“Poleni sana, mzee.”

“Tumeshapoa. Ndiyo mambo ya dunia.”

Akaifuta kwenye orodha ya mali za shirika siku hiyohiyo, na akajisikia amefanya jambo la kiutu.

Sasa mshukiwa aliyebaki alikuwa Julia, aliyeketi karibu na seva kuliko mtu yeyote na kuivalisha kila jioni. Swaumu hakupenda wazo hilo, lakini alikuwa hana jingine. Alivuta kiti.

“Dada Julia, ile Jumanne ya mvua ya upepo, mchana ulikuwa wapi?”

“Unaniuliza kama askari au kama Mama Shamte?”

“Kama mtu atakayekuwa analima mbaazi mwezi ujao.”

Julia akaiweka sindano yake ya kufumia. Alitoa simu, akafungua kundi la WhatsApp la wafanyakazi, ambalo yeye ndiye anayelitangazia kila kitu. “Jumanne hiyo nilikuwa nazungusha kikapu cha rambirambi. Msiba wa Newala, yule mama wa Mkunya.”

“Na Alhamisi iliyofuata?”

“Msiba. Newala.”

“Na ile siku mkurugenzi alipokataa maandazi?”

“Msiba.” Julia aliinua macho. “Mama Shamte, mbona kila siku unayoitaja ni ya msiba wa Newala?”

Walipitia tarehe zote pamoja, vichwa vimekutana juu ya simu. Kila taa ilipopepesa, kulikuwa na mtu anazikwa juu ya uwanda. Na siku ambazo Newala walikuwa wazima, seva ilitulia.

“Kwani huko wanakufa hivi?” Swaumu aliuliza.

“Wanakufa kama sisi, ila wao wanatangaza vizuri. Hujaona siku hizi? Misiba yao ina karatasi iliyochapwa, na picha, na maneno.” Julia alishusha sauti, ingawa walikuwa peke yao. “Sasa, marehemu anachukuaje mafaili?”

“Marehemu hana paswedi,” alisema Swaumu. Lakini ile karatasi iliyochapwa ilimkaa kichwani. Newala palikuwa na mashine moja tu ya shirika, na alikuwa ameitolea pole.

Haikupita wiki, akafariki Mzee Benedikto, mkulima wa nje kidogo ya mji wa Newala, mtu wa kwanza kupanda miche ya shirika wakati wengine wanaiita magugu ya serikali. Ofisi ikaamua kwenda. Charles alikaa mbele na dereva, Swaumu nyuma, mtandio umefungwa kisafari, na Julia akaachwa na kazi moja: kuitazama taa.

Gari lilikuwa linamalizia kupanda, mikorosho imeanza kufunga pande zote mbili, simu ilipoita.

“Mama Shamte, inapepesa,” alisema Julia, kwa sauti ya mtu anayeona nyoka na hataki kumshtua. “Inapepesa sana.”

Charles aligeuza shingo. “Ameingia?”

“Ameingia, Mkurugenzi.”

“Sasa hivi?”

“Sasa hivi. Na mimi niko hapa, sina hata kikokotoo.”

Dereva, Walter, alikohoa kwa niaba ya Swaumu. Charles alifikiria jambo hilo kwa kona kadhaa. “Kuna watu,” alisema mwishoni, “wanatega mitambo ijiendeshe yenyewe.” Akarudisha shingo mbele.

Kwa Mzee Benedikto watu walikuwa wamejaa. Wanaume kwenye mabenchi upande mmoja, wanawake kwenye mikeka upande wa pili, jeneza katikati chini ya turubai. Swaumu aliketi karibu na mjane, Mama Stamili, akampa mkono. Kutoka pale alimwona Charles uso kwa uso, mstari wa mbele, suti nyeusi, mikono juu ya magoti.

Padri alipomaliza, mpwa wa marehemu alisimama na karatasi. Ilikuwa karatasi nzuri kweli, yenye picha na mpaka wa maua. Akasoma wasifu.

“Marehemu mzee wetu Benedikto alizaliwa katika familia iliyotanguliza elimu. Alisoma Chidya, ambako nidhamu yake ilikumbukwa na walimu kwa miaka mingi.”

Wazee walitazamana. Mmoja, aliyechunga mbuzi na Benedikto tangu utotoni hadi walipooa, alisema “Kumbe!” kwa heshima.

“Hakupenda makuu, ingawa makuu yalimpenda yeye. Alikuwa mtu wa maono. Waliokuwa chini yake walimheshimu bila kumwogopa, isipokuwa wavivu. Meza yake ilikuwa safi wakati wote.”

“Meza ipi?” aliuliza mwanamke mmoja kwenye mkeka.

“Nyamaza, wanasoma.”

“Jioni, baada ya majukumu mazito, alipenda kunywa chai ya tangawizi iliyochemshwa taratibu, isiyo na sukari nyingi, huku akitafakari mustakabali wa zao la korosho.”

Mama Stamili alimwinamia Swaumu. “Mume wangu alikuwa hanywi chai,” alinong'ona. “Ilikuwa inampa kiungulia.”

“Labda kwenye vikao, mama.”

“Labda,” alisema mjane, na hapo ndipo alipoanza kulia kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Watu wengi walilia. Maneno yalikuwa mazuri, na kila mtu aliona kwamba alikuwa amemchukulia Benedikto juujuu. Swaumu aliinua macho kutafuta kitambaa, akamwona mkurugenzi. Charles hakuwa analia. Alikuwa amekaa wima kabisa, rangi imemtoka, na midomo yake ilikuwa inacheza. Swaumu alitazama vizuri. Midomo ya mkurugenzi ilikuwa inasema maneno yaleyale anayosoma mpwa. Ila ilikuwa inayasema kabla yake.

Baada ya maziko, watu wakiwa wanapewa ubwabwa, Swaumu alimtafuta Mzee Sadallah. Alimkuta stoo ya tawi, jengo dogo nyuma ya kitalu, akikusanya karatasi zilizobaki.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, Mama Shamte. Karibu, pole na safari.”

Swaumu alikuwa ameshaiona ile kompyuta. Ilikuwa mezani kati ya mifuko ya salfa na rundo la viriba vya miche, imewashwa, inanguruma kama paka. Pembeni palikuwa na mashine ya kuchapia, na simu ya mzee imechomekwa kuipa mtandao.

“Mzee, hii si ndiyo iliyokufa?”

“Ndiyo hiyo.”

“Na mbona iko hivi?”

“Ilifufuka. Kijana mmoja wa Tandahimba alikuwa na kifaa cha kuitilia umeme, tukakifunga, ikaamka.”

“Hukunipigia.”

“Ningekupigia niseme nini?” Sadallah alishangaa kwa dhati. “Ulishatupa pole. Nikurudishie?”

Swaumu alikaa juu ya mfuko wa salfa. Alieleza, polepole, kwamba mashine ile inavuta mafaili ya mkurugenzi kutoka Masasi.

“Haivuti,” alisema Sadallah. “Yanakuja yenyewe. Mimi naiwasha siku za msiba tu, ndugu wa mbali wananitumia picha za marehemu, nanunua bando, naunganisha. Nikigeuka, mafaili hayo hapo. Nilidhani mnatutumia ninyi.”

“Tuwatumie, bila kuwaambia?”

“Lini mlituambia? Mlituletea mfano wa ripoti ya mwezi, mfano wa ripoti ya ziara, mfano wa kuomba mfagio. Hamkusema neno, tulifuata tu. Nilipoona wasifu nikasema, ahaa, leo makao makuu wametukumbuka kwa jambo la maana. Watu hapa walikuwa wanazikwa kwa maneno mawili matatu. Nikawa nabadilisha jina.”

“Jina lililokuwapo hukuliona?”

“Nililiona. Nikalifuta.” Akatazama mlangoni, uso ukafunguka. “Na mwenyewe huyo amekuja. Baba Trevor! Unatembea kwa miguu yako? Mimi kila wiki nakuzika, ajabu yako hufi.”

Charles alikuwa amesimama kizingitini. Yafaa ieleweke kwamba ukoo wa Charles na ukoo wa Sadallah ni watani tangu kwa mababu. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele za watu, kuvaa kofia yako na kumkamata jogoo wako. Ruhusa uliyo nayo wewe ni kucheka. Charles akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, lakini kilihesabika.

“Umemsomesha Benedikto Chidya,” alisema.

“Nilisahau kuitoa. Haikumdhuru.”

“Nani aliiunganisha folda yangu na mashine hii?”

Swaumu alikuwa ameshainama kwenye kioo. Ilichukua muda mfupi tu. “Wewe, Mkurugenzi. Siku ya wakulima.”

Charles akakumbuka. Alikuja kuhutubia, hotuba akaisahau Masasi, Sadallah akamleta hapa. Akaingiza jina lake na neno lake la siri, hotuba ikapatikana, ikachapwa. Kisha mashine ikamwuliza kama angependa folda zake ziwe zinapatikana hapa siku zote. Ilimwuliza kwa adabu. Charles ni mtu aliyelelewa misheni. Akiulizwa kwa adabu, hujibu ndiyo. Kwamba mashine ile ilikuwa imeandikwa imekufa, hakuna aliyekuwa amemwambia.

Mashine ikanguruma.

“Baba yangu,” Charles alisema, akiiangalia ile miche nje, “alizikwa kwa mistari minne. Mmoja ulikuwa wa kumwomba mwenye gari fulani alisogeze.”

Hakuna aliyecheka, hata mtani.

“Mama Shamte,” akaendelea, “kwenye ripoti tuweke hitilafu ya umeme.”

Swaumu alijifuta unga wa salfa kwenye sketi. Alikuwa amelitegemea hilo tangu alipoiona ile midomo. “Umeme haujui paswedi yako, Mkurugenzi. Bodi wakiuliza anayeijua, ni mimi. Hitilafu itakuwa ya umeme, na shamba la mbaazi litakuwa la kwangu.”

“Bodi wataniuliza mafaili yalikuwa ya nini.”

“Watauliza.”

“Nitawaambia nini? Kwamba ninajiandikia?”

“Na mimi nitawaambia nilifuta mashine kwa simu. Tutakuwa wawili.”

Charles alikuwa na sura ya mtu anayepima kati ya aibu yake na kazi ya mwenzake, na kwa muda ilionekana aibu ndiyo nzito. Hapo Sadallah akachukua karatasi mpya kutoka kwenye mashine ya kuchapia, akaiinua kwenye mwanga.

“Huyu binti ukimweka pembeni, Baba Trevor, nakwambia kabisa: siku yako ikifika wasifu wako nausoma mimi. Hutanikataza, utakuwa umelala. Na sitausoma ule wa mwisho. Nitaanza na toleo la kwanza, lile la ‘mwana mpendwa wa Kusini’, nishuke na matoleo yote mpaka jua lizame, na watu wako hawatapewa chakula mpaka nimalize.”

“Umehifadhi la kwanza?”

“Yote ninayo.”

Mtani akisema, unacheka. Charles akacheka mara ya pili, na hiki kilikuwa kirefu zaidi, na mwishoni mwake akatoa kitambaa akajifuta macho. Kisha akamwuliza Swaumu, kwa sauti ya ofisini, “Ulisikiliza pale?”

“Nilisikiliza.”

“Uliuonaje?”

“Ni mzuri. Pale kwenye tangawizi pamerefuka.”

Bodi ilikaa mwisho wa mwezi, chini ya mwenyekiti wake, Bibi Sabina, mwalimu mstaafu ambaye huinua mkono kujipa ruhusa ya kusema. Swaumu alikaa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani, ili kama akiambiwa atoke asiwapitie watu. Charles alisimama. Alisema chanzo kimejulikana. Kompyuta ya Newala, iliyoandikwa imekufa, iko hai. Aliyeiunganisha na seva ni yeye mwenyewe, kwa kubonyeza bila kusoma, na fundi wa mitambo hakuhusika.

Swaumu akasimama naye, akasema kwamba aliyeiandika imekufa ni yeye, bila kuiona. Wajumbe wakamwuliza kwa nini hakuiona. Akasema alipigiwa simu ya kifo. Wajumbe, ambao wote ni watu wa huku, walitikisa vichwa kuonyesha kwamba hapo pangekuwa pagumu kwa mtu yeyote.

Bibi Sabina akainua mkono. “Na hayo mafaili yalikuwa ya nini hasa?”

Charles alisogeza kalamu. Swaumu aliutazama mlango.

“Mifano ya wasifu,” alisema Charles. “Kwa ajili ya wakulima wetu wanapofariki.”

Bibi Sabina alivua miwani. Alisema katika miaka yake yote ya kukaa kwenye bodi hajawahi kuona shirika likimkumbuka mkulima mpaka hapo. Mjumbe mwingine alisema alikuwapo kwa Mzee Benedikto na alisikia kwa masikio yake, na kwamba kijijini bado wanayazungumza. Bodi ikamshukuru mkurugenzi kwa maono yake, ikaagiza huduma hiyo ifike na Tandahimba, na ikamtaka Mama Shamte asimamie uunganishaji. Ajenda ikafungwa. Kuhusu kukaa pembeni hakuna aliyekumbuka kuuliza, na Swaumu hakuwakumbusha.

Alibaki na tatizo dogo la kiofisi. Fomu za shirika zina mahali pa kuandika mali imenunuliwa, imeibwa, imechakaa au imekufa. Hazina mahali pa kuandika imefufuka. Mwishowe aliiandika kompyuta ya Newala kuwa imepokelewa kama msaada, na kwenye jina la mtoaji akaweka mstari. Neno la siri la mkurugenzi alilibadilisha siku hiyohiyo. Folda ya BINAFSI aliitenganisha na Newala, na badala yake akaweka folda mpya yenye wasifu mmoja, mfupi, wenye nafasi tupu kila palipo na jina la shule.

Arobaini ya Mzee Benedikto ilipofika, ofisi ilipanda tena Newala. Mama Stamili aliwapokea mwenyewe. Alikuwa amechemsha chai ya tangawizi kwenye sufuria la shughuli, taratibu, sukari kidogo, kwa sababu ndivyo marehemu alivyopenda. Aliwamiminia wageni mmoja mmoja, akiwaeleza habari za ile meza yake ilivyokuwa safi. Charles alipokea kikombe kwa mikono miwili. Alikunywa chote, akasema asante mama, akaomba kingine. Swaumu alikunywa cha kwake. Kisha ikajulikana kwamba simu ya mjane imeingia maji, na Swaumu akaombwa aitazame.